Fadhila za mfalme na jina la mfadhili aliyeanguka

Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamifu aliingia ofisini na tasnifu yake mkononi, tayari kwenda kujalidiwa. Hakuja kuniuliza habari za nadharia wala mbinu za utafiti. Alifungua ukurasa wa tabaruku, akauweka mezani, akauliza kwa sauti ya chini: "Prof, hili jina niliache au nilitoe?"

Jina lenyewe lilikuwa la mtu aliyemlipia karo miaka mitatu. Wakati huo mtu yule alikuwa mkubwa na barazani kwake hapakukosa wageni. Leo hana cheo, ana kesi kortini, na waliokuwa wakimbebea mkoba hawapokei simu zake. Mwanafunzi alichelea kwamba watu wakiliona jina lile watamhesabu naye kuwa wa kambi ile. "Si unajua mambo ya kazi, Prof," akasema. "Lazima mtu aangalie mbele."

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia aniachie ule ukurasa. Swali lake lilinigusa pabaya, na nitaeleza kwa nini kabla sijaweka kalamu chini. Kwanza naomba msomaji wangu tusafiri hadi Ufaransa ya karne ya 17, kwa sababu huko swali hilihili liliwakabili waandishi wakubwa, na kila mmoja alilijibu kwa njia yake.

Tuanze na neno. Tabaruku limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa baraka. Sisi tunalitumia kwa yale maneno machache ya mwanzo wa kitabu ambayo mwandishi humtunukia mzazi, mwenzi au mwalimu wake. Wafaransa wa enzi hizo nao walikuwa na desturi ya namna hiyo, ila yao ilikuwa barua nzima ya sifa, na barua hiyo ilikuwa na bei. Mwandishi hakuweza kuishi kwa mauzo ya vitabu. Mchapishaji alimlipa mara moja, tena kidogo, basi. Riziki ilitoka kwa mkubwa aliyesifiwa katika ukurasa wa kwanza.

Mfano maarufu ni wa mwaka 1643. Pierre Corneille, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa amekwisha kupata jina, alichapisha Cinna na kuitabarukia kwa tajiri mmoja aliyeitwa Montoron. Huyu hakuwa mwanamfalme wala jemadari. Alikuwa mtu wa fedha. Hata hivyo Corneille alimlinganisha na Kaisari Augusto wa Roma! Inasimuliwa kwamba alipata pistole 200 za dhahabu kwa sifa hizo. Watu walicheka, na Kifaransa kikapata msemo mpya: tabaruku "ya Kimontoron", yaani ile inayompamba mtu kupita kiasi ili mfuko wake ufunguke. Sisi tungesema mwandishi amejikomba.

Lakini hebu tujiulize, matajiri kama hawa walipata wapi mali? Jibu liko katika namna ufalme ulivyopata pesa. Ufaransa ilikuwa vitani na Uhispania kuanzia 1635 hadi 1659. Kodi zilichelewa na askari hawangojei. Kwa hiyo mfalme aliuza vyeo, na aliwapa watu binafsi haki ya kukusanya kodi ili wao wamkopeshe fedha papo hapo, kwa riba kubwa. Mwanahistoria Daniel Dessert ameonyesha kwamba nyuma ya wakopeshaji hao walijificha makabaila na watu wakubwa wa kasri lenyewe, ambao waliweka fedha zao kimyakimya. Aliyemkopesha mfalme usiku ndiye aliyeinama mbele yake mchana. Mali na fadhila zilikuwa kama kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Ungevuta moja, nyingine ingefuata.

Katikati ya kamba hizo alisimama Nicolas Fouquet. Alizaliwa Paris mwaka 1615, na mwaka 1653 akafanywa Msimamizi Mkuu wa Fedha za ufalme, kwanza pamoja na Abel Servien, kisha peke yake kuanzia 1659. Kazi yake ilikuwa kupata pesa pale ambapo hazina ilikuwa tupu. Mara nyingi alikopa kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa wakopeshaji walimwamini yeye kuliko walivyoiamini serikali. Mfuko wake na mfuko wa mfalme ulichanganyika hadi hakuna aliyeweza kusema mpaka uko wapi. Alitajirika, naam. Lakini msomaji asisahau kwamba waziri mkuu wa wakati huo, Kadinali Mazarin, alipokufa tarehe 9 Machi 1661 aliacha mali inayokadiriwa kufika livre milioni 35, na wanahistoria huiita mali kubwa kuliko zote alizopata kujikusanyia raia katika Ufaransa ya wafalme. Mazarin alizikwa kwa heshima. Mtunza mali yake, Jean-Baptiste Colbert, akarithiwa na mfalme.

Fouquet alipenda watu wa kalamu. Jina lake, katika lahaja za magharibi mwa Ufaransa, lina maana ya kindi, yule mnyama mdogo anayekwea miti. Basi aliweka picha ya kindi kwenye kuta na dari zake, pamoja na wito wa Kilatini unaouliza: ni wapi ambapo hatapanda? Colbert naye alikuwa na nembo yake: nyoka, kwa sababu ya neno la Kilatini coluber linalofanana na jina lake. Kindi na nyoka katika mti mmoja! Mtunzi wa hekaya asingebuni jambo bora kuliko hilo.

Katika jumba lake jipya la Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki mwa Paris, Fouquet aliwakusanya mafundi watatu: Louis Le Vau msanifu majengo, Charles Le Brun mchoraji, na André Le Nôtre mtengeneza bustani. Upande wa fasihi alikuwa na Paul Pellisson, katibu wake, ambaye alikuwa ameandika historia ya Akademia ya Kifaransa. Alimrudisha Corneille katika tamthilia baada ya miaka kadhaa ya kimya, akampa dhamira tatu achague moja, na matokeo yakawa tamthilia ya Oedipe mwaka 1659. Tena alimpa riziki mshairi mmoja aliyekuwa bado hajavuma, Jean de La Fontaine, kwa sharti la kufurahisha: kila robo ya mwaka mshairi alipe kwa mashairi.

Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme Vaux. Louis wa 14 alikuwa hajatimiza miaka 23. Kulikuwa na chakula kilichosimamiwa na Vatel, mchezo mpya wa Molière ulioandikwa na kufanyiwa mazoezi kwa siku 15, ngoma, na fataki zilizoangaza bustani nzima. Hadithi inayopendwa husema kwamba mfalme aliona wivu usiku ule, na wivu huo ndio uliomwangusha mwenyeji wake. Ni hadithi tamu, ila haina ukweli. Uamuzi wa kumkamata ulikuwa umekwisha kupita miezi kadhaa nyuma, tangu majira ya kuchipua. Fouquet alikuwa tayari ameshawishiwa auze cheo chake cha mwendesha mashtaka mkuu katika mahakama kuu ya Paris, cheo ambacho kingempa haki ya kuhukumiwa na mahakama hiyo pekee. Aliuza ngao yake, na katika bei aliyopata akamtolea mfalme livre milioni moja. Usiku wa fataki alikuwa mtu aliyekwisha kuchinjwa bila kujua.

Tarehe 5 Septemba 1661, siku mfalme alipotimiza miaka 23, Fouquet alikamatwa mjini Nantes na askari wakiongozwa na d'Artagnan, yuleyule ambaye riwaya zimemfanya maarufu. Kesi ilichukua miaka mitatu mbele ya mahakama maalumu. Mwezi wa Desemba 1664 mahakimu 13 walisema afukuzwe nchini na 9 wakasema auawe. Mfalme akaingilia kati, na hapa alifanya jambo ambalo wafalme hawakuzoea kufanya: aliizidisha adhabu badala ya kuipunguza. Kufukuzwa kukawa kifungo cha maisha katika ngome ya Pignerol, milimani. Fouquet alifia huko mwaka 1680.

Watu wake wakaenda wapi? Le Vau, Le Brun na Le Nôtre walichukuliwa na mfalme wakaanza kazi Versailles. Michungwa ya Vaux ilihamishwa pamoja na sanamu. Karakana ya mazulia ya ukutani aliyoianzisha Fouquet huko Maincy ilihamishiwa Paris na kuwa sehemu ya kiwanda cha Gobelins. Mfadhili alifungwa, ufadhili wake ukataifishwa.

Na hilo la kutaifisha ndilo hasa linalonishughulisha leo. Colbert alimwomba mshairi mzee Jean Chapelain atengeneze orodha ya waandishi na wataalamu wanaostahili fedha za mfalme. Malipo yakaanza: Corneille livre 2,000, Molière 1,000, kijana Racine 600. Chapelain mwenyewe, mtengeneza orodha, 3,000. (Mgema hakosi tembo!) Tumezoea kuyaita malipo haya pensheni. Mimi naona neno bahashishi linafaa zaidi. Pensheni ni haki, na ikichelewa unaweza kwenda kudai. Bahashishi hutoka mkononi mwa mtu, na mkono huo hujikunja unapotaka. Corneille alikuja kujua hilo uzeeni, jina lake lilipotoweka katika orodha kwa miaka kadhaa.

Zamani mwandishi aliyenyimwa na mkubwa huyu aliweza kubisha hodi kwa mkubwa yule. Kulikuwa na Montoron, kulikuwa na Fouquet, kulikuwa na wanawake wa ukoo wa kifalme. Ushindani wa wafadhili ulimpa mwandishi nafasi ya kupumua. Baada ya 1661 nafasi hiyo ilipungua mwaka hadi mwaka. Kijiji kikibaki na kisima kimoja, mwenye kisima ndiye anayeamua nani anywe, na hahitaji kumpiga mtu. Inatosha aangalie pembeni.

Huko Versailles, ambako kasri lilihamia rasmi mwaka 1682, kuangalia pembeni kulikuwa sanaa. Kila usiku mfalme alipovua nguo kwenda kulala, kabaila mmoja alichaguliwa kumshikia kinara cha mshumaa. Kinara! Hakina faida, hakijazi tumbo, wala chumba hakikuwa na giza. Lakini watu waliokuwa na mashamba na majeshi walikitamani kuliko dhahabu, kwa kuwa kilionyesha nani ametazamwa. Na Saint-Simon anasimulia kwamba mfalme akiombwa hisani kwa ajili ya mtu asiyehudhuria kasrini, jibu lake lilikuwa kwamba huyo ni mtu ambaye hamwoni kamwe. Waswahili walilisema kwa maneno manne: asiyekuwapo na lake halipo.

Hata lugha yenyewe ilipewa mwenye nyumba. Akademia ya Kifaransa iliundwa mwaka 1635 chini ya Kadinali Richelieu, na tangu 1672 mlezi wake akawa mfalme mwenyewe. Ilipewa haki ya peke yake ya kuchapisha kamusi ya Kifaransa. Mwanachama wake Antoine Furetière, aliyechoka kungoja, alitunga kamusi yake iliyojaa maneno ya sayansi na ya mafundi. Mwaka 1685 wenzake walimfukuza na kibali chake cha kuchapisha kikafutwa. Alikufa 1688 kabla ya kuiona kazi yake. Ilichapishwa Uholanzi mwaka 1690, miaka minne kabla ya kamusi ya Akademia kutoka ikiwa imetabarukiwa kwa mfalme. Sisi tunaofanya kazi ya kamusi tunajua thamani ya ushindi kama huo, ingawa mshindi alikuwa kaburini.

Sasa turudi kwa wale waliokula chumvi ya Fouquet. Pellisson, katibu wake, alifungwa Bastille, na kutoka humo akaandika utetezi wa bwana wake. Aliachiliwa 1666. Baadaye akawa mwandishi wa historia ya mfalme yuleyule aliyemfunga. Simlaumu, alikuwa amekwisha kulipa kwa miaka ya kifungo.

La Fontaine hakuwa na cheo, wala hakuwa shujaa. Aliandika shairi la majonzi kuhusu Vaux akimwomba mfalme huruma, likasambazwa bila jina lake. Mwaka 1663, akisafiri kwenda Limousin pamoja na mjomba wa mkewe aliyekuwa akipelekwa uhamishoni kwa sababu ya kesi ile, alipita Amboise. Humo Fouquet alikuwa amewahi kufungwa kwa muda. La Fontaine aliomba kuonyeshwa chumba. Hakuruhusiwa kuingia, akabaki amesimama mlangoni, na alimwandikia mkewe kwamba kama giza halingeingia, asingeondoka pale.

Jina lake halikuwamo katika orodha ya Colbert. Hakupata bahashishi ya mfalme, hata alipoitabarukia juzuu ya kwanza ya Hekaya zake mwaka 1668 kwa mwana wa mfalme aliyekuwa mtoto wa miaka sita. Naam, alijaribu, njaa haina nembo. Aliishi kwa hisani ya wanawake, hasa Bibi de La Sablière aliyempa makao kwa takriban miaka ishirini. Katika hekaya hizo aliliweka kasri lote: simba anayesikiliza sifa, mbweha anayejua la kusema, na punda anayeadhibiwa kwa kula majani kidogo huku wala-nyama wakisamehewa kondoo waliowatafuna.

Mwaka 1683 Colbert alikufa, na kiti chake katika Akademia kikawa wazi. Akademia ikamchagua nani? La Fontaine. Mfalme alikataa kuidhinisha. Alingoja hadi mwezi wa Aprili 1684, mtu wake, Boileau, alipochaguliwa kwenye kiti kingine, ndipo akaruhusu. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 22 tangu Nantes. Kindi alikuwa amekufa, nyoka alikuwa amekufa, na mshairi wa kindi akakalia kiti cha nyoka. Leo mtoto wa Kifaransa huzikariri hekaya zake shuleni. Mashairi ya Chapelain, aliyejilipa livre 3,000, husomwa na wataalamu wachache, nao kwa wajibu.

Wasomaji watasema: Profesa anatetea mwizi. La hasha. Hesabu za Fouquet hazikuwa safi, na fedha zilizojenga Vaux zilitoka katika jasho la mkulima wa Ufaransa. Katika hilo hakuwa tofauti na Mazarin. Wala La Fontaine hakuandika kwamba hesabu ni safi. Aliomba huruma kwa mtu aliyemlisha. Hapo ndipo penye somo. Shukrani na sifa ni maneno mawili, na lugha yetu imeyatenga. Sifa humwelezea mkubwa: ni Augusto, ni jua, ni simba. Shukrani hueleza tendo: alinipa, nikala. Sifa ikikutana na hukumu ya korti inaweza kuwa uongo. Shukrani haiwezi, kwa kuwa tendo limekwisha kutendeka.

Nilisema nitaeleza kwa nini swali la mwanafunzi wangu lilinichoma. Kitabu changu cha kwanza kilichapishwa kwa msaada wa mzee mmoja mfanyabiashara, nami nikamtabarukia kwa aya nzima yenye sifa tele. Ilikuwa tabaruku ya Kimontoron. Toleo la pili lilipotoka, mzee alikuwa amekosana na wenye nguvu, nami nilikuwa nangojea kupandishwa cheo. Niliiondoa aya ile. Hakuna aliyeniamuru, hakuna aliyenipigia simu. Nilijikata ulimi mwenyewe. Tulikutana mara moja baada ya hapo. Alinisalimu, akaniuliza habari za watoto, hakugusia kitabu. Methali isemayo mfadhili mbuzi, binadamu hana fadhila, nimeifundisha madarasani miaka mingi nikiwa na mfano wake ndani ya shati langu.

Nilimwita mwanafunzi nikamrudishia ukurasa wake. Nilikuwa nimekata maneno "kiongozi shupavu", "mtetezi wa wanyonge" na "baba wa elimu". "Haya huyajui, mwanangu," nilimwambia. "Wewe unajua nini?"

Akafikiri. "Najua alinilipia karo miaka mitatu, Prof."

"Basi andika hilo."

Tasnifu imejalidiwa juma hili. Ukurasa wa tabaruku una sentensi moja, na jina limo. Nami nimemwandikia mchapishaji wangu kwamba, kitabu kile kikichapishwa tena, kuna mstari mmoja wa kurudisha. Mwenyewe hatausoma, maana alitutoka zamani. Watoto wake wapo.